Mashine ya Watu Wawili

Shemeji yangu Heber Larrosa alifanya kazi ya kupima bandarini Montevideo kwa miaka thelathini na minne, na tangu astaafu hajatupa hata siku moja ya kulisahau hilo. Alipima makontena, magogo na marobota ya sufu. Sasa hana cha kupima, kwa hiyo anatupima sisi. Ukikata mkate atakwambia kipande chako kimezidi. Ukisogeza kiti atakwambia umekisogeza sentimita ngapi, na kwamba ulipaswa kukiinua, si kukiburuta. Mimi naishi ghorofa ya juu yao, na tangu mume wangu afariki nakula chakula cha mchana kwao kila siku, kwa hiyo nimemsikia Heber kuliko nilivyowahi kuisikia redio. Namdharau. Nilimdharau siku alipokuja kuposa akiwa na rula mfukoni mwa koti, na sijaona sababu ya kubadili msimamo.

Mdogo wangu Zulma, mke wake, ni mtu wa aina nyingine kabisa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa anapaka nyuso za kundi la murga, waimbaji wa kejeli wa Karnivali, la mtaa wetu wa Aguada. Wanaume kumi na saba, makanika na wauza samaki na mafundi bomba, wanakaa kwenye viti wakiwa na sura zao za kila siku, na wakiinuka mmoja ni jua, mwingine ni tausi, mwingine ni fuvu la dhahabu. Hapo ndipo wanapopanda jukwaani kuwaimba wakubwa wa nchi na kuwavua nguo mbele ya watu, Karnivali nzima. Zulma rangi ya kwanza hakuipaka kwa brashi, aliipaka kwa vidole. Alisema brashi haijui mfupa ulipo.

Ni vidole hivyo vilivyoharibika. Machi, Karnivali ilipokwisha tu, nilimpeleka kwa daktari wa ngozi. Ngozi ilikuwa imepasuka mpaka nyama inaonekana.

"Unaosha vyombo kwa mkono?" daktari akauliza.

"Kwani vinaoshwa kwa nini kingine?" Zulma akasema.

"Basi ndiyo hiyo sabuni. Na glavu usivae, mpira unakuunguza zaidi. Mikono hii ikae mbali na maji ya sabuni mpaka ipone. Ikipona kabla ya Januari utapaka watu wako. Isipopona, rangi zile na spiriti ya kufutia vitakumaliza, mama. Utaacha."

Zulma hakulia. Aliomba tu daktari arudie neno Januari, kama mtu anayetaka kuhakikisha siku ya harusi.

Tukaamua inunuliwe mashine ndogo ya kuosha vyombo, zile za kukaa juu ya kaunta. Nyumba ya watu wawili, jiko la kugeukia tu. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja: unapima, unaenda dukani, unarudi nayo kwa teksi. Lakini Heber alikohoa, akasimama katikati ya jiko na kutangaza, "Niachieni mimi. Kupima ndiyo kazi yangu."

Sasa nikueleze alivyopima, maana nilikuwepo.

Mwanamume wa umri wa Heber mjini kwetu hatoki chumbani bila themosi ya maji ya moto kwapani na kibuyu cha yerba, chai yetu ya majani machungu, mkononi. Hivyo ndivyo anavyofungua mlango, hivyo ndivyo anavyotoa pole msibani, na foleni ya umeme anaipanga hivyo hivyo. Siku nyingi tumeacha kuiona hiyo themosi, kama mtu asivyoiona pua yake. Lakini tepu ya kupimia inataka mikono miwili. Kwa hiyo Heber aliitua themosi juu ya kaunta, akaisukuma mpaka ikagusa ukuta, akakipachika kichwa cha tepu kwenye kitako cha themosi ili kisiteleze, akaivuta tepu mpaka ukingo wa sinki.

"Arobaini na saba!" akasema, na akaandika kwa penseli kwenye kigae, 47, kwa mwandiko ule wake wa bandarini.

Mimi nilikuwa nimesimama nangoja zamu yangu ya kibuyu, ndiyo maana macho yangu yalikuwa kwenye themosi. Nikaona. Unene wote wa themosi ulikuwa umebaki nyuma ya tepu, sentimita kumi nzima ambazo mtaalamu wetu hakuzihesabu. Nilifungua mdomo kumwambia.

"Na wewe shemeji," Heber akaniwahi, "uliyekaa posta miaka yote unalamba stempu, sogea uone mtu wa kazi anavyofanya kazi."

Nikaufunga mdomo. Nikasema moyoni, nenda baba, nenda nayo hiyo arobaini na saba yako dukani ukaaibike.

Tulienda wote watatu kwenye duka moja la barabara ya 18 de Julio. Binti wa dukani alituonyesha mashine nyeupe, safi, ya kuingia sahani za watu sita. Zulma aliufungua mlango wake kwa kiganja, akaufunga, akaufungua tena. Alikitazama kikapu kidogo cha vijiko kilichomo ndani na kusema, "Nzuri hii." Heber alikuwa ameshatoa tepu, themosi kwapani, anahangaika kwa mkono mmoja.

"Hamsini na tano!" akasema. "Binti, hii wamewatengenezea watu wa ikulu?"

"Mzee wangu, za kaunta nyingi zina upana huo huo. Ndiyo saizi yake."

"Basi wote wamekosea."

"Viwanda vyote?"

"Kama wamekosea, wamekosea! Jiko la mtu mwenye akili lina arobaini na saba. Sasa mtu huyo aiweke wapi hii, kichwani?"

Yule binti alinitazama. Mimi nilitazama dari. Niliumwa mbavu kwa kicheko nilichokizuia, na nakiri kilikuwa kicheko kitamu. Nilijipa wiki moja. Nilidhani atazunguka maduka matatu, achekwe mara tatu, kisha nimwambie mbele ya Zulma, polepole, nikiwa nakunywa yerba yake.

Wiki ikapita. Mtu mwenye akili angerudi kupima. Heber alirudi kupima kweli, mara tatu, na mara tatu themosi ilikuwa pale pale ukutani na tepu imepachikwa kwenye kitako chake. "Arobaini na saba, arobaini na saba, arobaini na saba," akatuhubiria. "Kipimo hakina undugu." Zulma alitikisa kichwa kukubali. Ameolewa na mpimaji, angefanyaje? Kumtilia shaka Heber kwenye kipimo ni sawa na kumwambia padri hajui kusali.

Aprili alichora jiko zima kwenye karatasi ya mistari na kuikunja ndani ya kitambulisho chake cha bandari. Mei alianza kutembea na sahani. Ile kubwa ya milanesa, nyama yetu pana ya kukaanga, ameifunga kwenye gazeti, themosi kwapa hili, sahani kwapa hili, anaingia duka baada ya duka kama mganga na vifaa vyake. Mwezi wa sita aliipata mashine ya arobaini na mbili karibu na stendi kuu ya mabasi. Aliijaribu sahani, mlango ukagoma kufunga. Aliwaambia wenye duka kwamba mashine ile ni ya kuoshea vyombo vya wanasesere, wakamwomba atoke.

Mwezi wa saba alipanda basi mpaka Chuy, mpakani na Brazil, maana alisikia huko vitu ni vya vipimo vingine. Alirudi usiku wa manane bila mashine, ameleta nyama ya kopo na themosi mpya, nene kuliko ya zamani. Asubuhi yake alipima tena, na kwa themosi mpya.

"Arobaini na sita!" Uso ulimbadilika. Alipima mara ya pili. "Zulma! Njoo uone! Ukuta umevimba!"

"Umevimba vipi?"

"Unyevu, mama! Miaka mingapi nasema unyevu wa mji huu utatuua? Sentimita nzima kwa miezi minne!"

Aliwaandikia barua wasimamizi wa jengo. Wakaja watu wawili wakaubonyeza ukuta, wakanywa yerba yake kutoka kwenye themosi hiyo hiyo, wakaondoka wakisema watafuatilia. Mimi nilipanda kwangu, nikafunga mlango, nikacheka mpaka machozi yakanitoka juu ya mto. Sikumwambia mtu yeyote. Utamu wa namna ile haugawiwi. Kila asubuhi niliamka nikiwa na siri yangu, mtu aliyeishi kwa kupima anapima themosi yake mwenyewe na kuwatukana watengenezaji wa dunia nzima, na mimi peke yangu ndiye ninayeiona tamthilia hiyo. Nilijiambia kila wiki inavyozidi kupita ndivyo anguko lake litakavyokuwa kubwa. Nilitaka aanguke kabisa, asiinuke na tepu tena.

Zulma aliendelea kuosha. Heber alijaribu kumsaidia siku mbili za mwezi wa nne, akavunja bakuli la supu na vikombe viwili, akasema mikono ya bandari haikuumbiwa vioo. Basi mdogo wangu akawa anasimama kwenye sinki na dodoki, tarehe ishirini na tisa ya kila mwezi zaidi, maana siku hiyo lazima iliwe ñoki, vidonge vya viazi na unga, kama kila nyumba ya hapa, na mchuzi wake wa nyanya unaganda kwenye sahani kama gundi. Agosti niliona anashika kikombe kwa viganja, vidole amevinyoosha nje. Niliumia. Nilimtukana Heber moyoni kwa maneno ambayo sitayaandika. Nilikula, nikashukuru, nikapanda ngazi.

"Heber akiipata tu," Zulma alikuwa akisema. "Januari bado."

Januari ikafika. Wiki moja kabla ya gwaride la ufunguzi, kundi hujaribu rangi kwenye ukumbi wa klabu. Nilimbebea Zulma sanduku lake. Wa kwanza kukaa kitini alikuwa Edinson, kiongozi wa kundi, makanika mwenye shingo ya ng'ombe ambaye Zulma amempaka tangu hajaota ndevu. Zulma alichota nyeupe kwa vidole vitatu na kuipitisha kwenye paji la uso, taratibu, kufuata mfupa. Nyuma ya vidole ilibaki mistari mitatu, nayo haikuwa myeupe.

"Umeanza na nyekundu leo, Mama Zulma?" Edinson akauliza, macho amefumba.

"Ni damu, Edinson. Samahani. Ngoja nifute."

Edinson alifumbua macho. Aliishika mikono ya Zulma, ikamchafua shati, akaigeuza juu, akaitazama muda mrefu mbele ya wanaume wote. Hakuna aliyetia utani, na hao ni watu wanaotania hata jeneza.

Kesho yake asubuhi alikuja nyumbani na boksi la mikate midogo ya siagi. Tulikuwa jikoni sote. Hakukaa.

"Mama, kuna binti wa mtaa wa La Teja. Anapaka. Mwaka huu tu, mikono ipone." Aliligeuza boksi mikononi. "Mwaka huu tu, naapa."

"Sawa, mwanangu," Zulma akasema. "Mwambie nyeupe aipashe moto kwanza mkononi."

Heber alikuwa ameegemea kaunta, themosi imesimama ukutani pale ilipozoea. Alipumua kwa uchungu, na nafikiri uchungu wake ulikuwa wa kweli. Kisha akasema, "Yote haya ni viwanda. Watu hawajui kupima."

Hapo nilipasuka.

"Hamsini na saba!" nikapiga kelele. "Ni hamsini na saba, mpumbavu mkubwa wewe! Hamsini na saba tangu siku ya kwanza!" Niliinyakua themosi pale ukutani nikamsukumia kifuani. Nikaitoa tepu mfukoni mwake, nikakipachika kichwa chake ukutani, kwenye ukuta wenyewe, nikaivuta mpaka sinki. "Soma, Zulma! Msomee mtaalamu wako!"

Zulma aliinama. "Hamsini na saba," akasema.

Heber aliitazama themosi aliyoikumbatia kama mbwa wake aliyemng'ata. Alitazama ukuta, tepu, namba ya penseli. Nilifurahi. Nasema ukweli, Edinson amesimama pale na boksi lake na damu ya jana bado iko kwenye shati lake, nami nilifurahi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Miezi kumi nilikuwa nimeingoja sura ile.

Zulma hakumtazama Heber. Alinitazama mimi.

"Dada," akasema, "umesema hamsini na saba kabla hujapima."

"Nilikisia."

"Wewe hukisii. Ulijua. Tangu lini?"

Nilimtazama Edinson anisaidie, naye akatazama boksi.

"Nelida. Tangu lini?"

"Machi," nikasema.

Nilitaka kueleza habari ya stempu, jinsi mumewe alivyonidhalilisha, na kwamba nilidhani ni wiki moja tu. Maneno yote hayo yalikuwa tayari mdomoni, nami nikayaona jinsi yalivyo madogo.

"Umekula hapa kila siku," Zulma akasema. Hakupaza sauti. Alikwenda chumbani na kufunga mlango kwa kiwiko.

Mchana ule Heber alitoka. Niliyaona haya dirishani kwangu, alishuka barabarani mikono mitupu, hana themosi, hana kibuyu, anatembea kama mtu aliyesahau kuvaa suruali. Alirudi na teksi na boksi kubwa. Ilikuwa ile ile nyeupe ya siku ya kwanza. Iliingia mahali pake na zikabaki sentimita mbili. Nilikuwa kwenye ngazi, sikuthubutu kugonga, na kupitia mlangoni nikamsikia anamwambia mkewe, "Nimekosea kupima." Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo miaka thelathini na kitu. Haikusemwa kwangu, na haikunipa raha yoyote.

Tarehe ishirini na tisa nilishuka saa ya chakula kama kawaida, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Zulma alinipakulia ñoki zangu. Tulikula. Heber aliongea habari za joto. Kisha Zulma aliinuka, akachukua sahani yake na ya Heber, akazipanga kwenye mashine, uma kwenye kikapu cha vijiko. Ndani palikuwa na nafasi tele. Nikamnyooshea ya kwangu.

"Yako ioshe mwenyewe, dada," akasema. "Mashine hii ni ya watu wawili."

Aliufunga mlango na kubonyeza kitufe.

Vidole vyake vilipona kabla ya Pasaka, laini kama vya msichana. Lakini kundi lilishinda tuzo mwaka ule, na magazeti yalizisifia nyuso za waimbaji, na binti wa La Teja aliyezipaka ni hodari, sitamsema vibaya. Mwaka uliofuata Edinson alikuja na boksi jingine, akazungusha maneno, na Zulma akamwokoa kwa kusema yeye mwenyewe amechoka. Sasa siku za Karnivali anakaa nyuma ya viti na kushika taa.

Nami nashuka kila mchana. Nakula, nasimama kwenye sinki, nachukua dodoki. Kwenye kigae mbele ya uso wangu bado iko ile 47 ya penseli, na chini yake ile 46. Hakuna aliyezifuta. Pembeni yangu mashine inanguruma na sahani zake mbili. Heber huja akasimama na themosi yake kwapani, akanyoosha mkono mmoja.

"Lete nikaushe, shemeji," anasema.

Nampa.